Shoga, kuhusu mwanao na huo mtihani

Shoga yangu,

Za Tanga? Meseji yako nimeisoma mara tatu, ile ya mwanao hali chakula vizuri na anaamka saa tisa usiku kushika daftari kwa ajili ya mtihani wa Novemba, nikasema hapana hii siijibu kwa voisi, ngoja nikae chini niandike.

Mi mwaka jana nimepitia hayohayo na binti yangu. Alikuwa anang'ata kucha mpaka damu inatoka, ukimuuliza anasema niko poa mama. Shuleni kila wiki pepa na matokeo yanabandikwa ukutani, kwenye grupu la wazazi nako watu wanatupia divisheni wani za watoto wao, halafu na mimi nikitoka kazini salamu yangu ya kwanza ni "umesoma leo?". Siku aliyoniambia kwamba akisikia geti linafunguliwa tu moyo unamwenda mbio, shoga nililia.

Ile maindfulnesi wanayosema, kutuliza akili ubaki na kilichopo sasa hivi, nilimpakulia kwenye simu nikamwambia dakika kumi kila siku, siku mbili kaacha. Baadaye nikasoma kwamba Uingereza wamefundisha watoto zaidi ya 8,000 kwenye shule 85, majibu yakatoka 2022, haikuwasaidia kuzidi mafunzo yao ya kawaida ya shuleni, na wengi nyumbani hawakuwa wakifanya zoezi lenyewe. Mtoto ukimpa kama homuwek nyingine ndo inakuwa mzigo mwingine.

Kwetu kilichosaidia ni ungo wa mchele. Jioni simu zinabaki ndani, tunakaa kibarazani tunachambua, macho kwenye chuya na vimawe, vidole vinapita taratibu, tunavuta pumzi kwa hesabu ya nne tunaitoa kwa sita, maana ukiitoa kwa kirefu mapigo ya moyo yanapungua, ni mwili wenyewe ulivyo. Simuulizi kitu. Siku ya nne akasema mwenyewe, "mama hesabu naiogopa", tukaanzia hapo.

Ila kama hiyo ya kutokula na kutolala inaendelea wiki ya pili, au akikwambia amechoka kuishi, usisubiri hata siku moja, mpeleke hospitali na usimwache peke yake.

Novemba bado, muda upo. Leo akirudi mpokee begi tu, habari za daftari ziache. Jumapili usiku nakupigia unambie kala nini.

Wako akupendaye