Ramani zenu zote ni za tambarare

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo, kwa wema. Ukurasa wenu wa ramani za nyumba naufuatilia kila wiki, na sijawahi kukuta hata moja iliyochorwa kwa ajili ya mteremko. Sisi wa Lushoto tujenge wapi?

Ramani ya tambarare ndiyo iliyoniponza mwaka 2017. Fundi aliitazama, akasema hapa bila greda haiwezekani. Mlima ukakatwa, udongo ukasukumiwa upande wa chini ili tupate uwanja. Kumbe nusu ya nyumba imekaa kwenye ardhi, nusu kwenye kifusi. Masika ya pili kifusi kikashuka, ufa ukapanda kutoka kona ya dirisha la jikoni hadi kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), kidole kinaingia. Nyuma nako ukingo uliokatwa wima ukaporomoka mpaka mlangoni kwa choo.

Nyumba ya pili nimeijenga hatua chache kutoka hapo, kwa sururu na majembe tu. Tulipima kwa mpira uliojazwa maji, ule wa kutafutia usawa: ndani ya mita 12 ardhi inashuka mita 2 na sentimita 40. Basi nyumba nayo ikashuka. Sebule iko juu, jiko na meza ya chakula katikati, vyumba chini, na kila unapoteremka ni ngazi saba. (Magoti yangu hayazipendi, nakiri.) Msingi umejengwa kwa vidato, yaani kama ngazi kubwa, kila kidato kimekalia udongo ambao haujawahi kuguswa. Mawe ni ya hapohapo. Upande wa juu tumechimba mfereji unaopokea maji ya mlima na kuyazungusha ubavuni hadi kwenye migomba.

Mwanangu aliyeko Dar es Salaam alitaka tufiche bati nyuma ya kuta, ndiyo fasheni. Nikamwambia kwa mvua za huku na majani ya mikaratusi tutashinda tunazibua mabomba. Paa letu ni la upande mmoja, limelala na mlima, bati la kijani kisichong'aa.

Tupeni walau ramani moja ya mteremko, tena iwe na mchoro wa ubavuni unaoonyesha mstari wa ardhi. Ile ya kutazama kutoka juu hainiambii mlima uko wapi.

Juzi jirani wa ng'ambo ya bonde alimuuliza mke wangu: "Mama, ile nyumba mliyosema mnajenga, mbona siioni?" Alikuwa anaitazama.

Mwalimu mstaafu,
Soni, Lushoto