Sindano ya damu nyeupe ukitoka nayo Dar: iwe ya baridi, isigande

Wagonjwa wa saratani wa huku Mtwara wanaofuata kemo, yaani dripu za kuua saratani, hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, wengine hurudi na basi wakiwa na sindano ndogo iliyojazwa tayari dawa ya kuongeza chembe nyeupe za damu, wameagizwa ikachomwe kesho yake huku nyumbani. Hapo ndipo simu zinapoanza kuingia famasi kwetu. "Tuko Nangurukuru, barafu imeyeyuka yote, dawa si imeshaharibika?" Au lile swali la bei: mbona hii moja ni ghali hivi, na ile nyingine ya kuchoma kila siku ipo?

Tuanze na hilo la bei. Ile ya kila siku ni filgrastimu, protini inayouamuru uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa, utengeneze chembe nyeupe za damu. Kemo huua seli zinazogawanyika haraka, na za uloto zinagawanyika usiku na mchana, kwa hiyo zinaumia pamoja na uvimbe. Chembe nyeupe zikishuka sana, homa ndogo tu inaweza kumlaza mtu wodini. Filgrastimu inasaidia, tatizo haikai. Ndani ya saa tatu na nusu hivi nusu yake imeshatoka mwilini, sehemu kubwa kupitia figo. Ndiyo maana mgonjwa huchomwa kila siku, pengine hadi wiki mbili.

Hii ya pili, pegfilgrastimu, ni protini ileile iliyofungwa mnyororo mrefu wa polietilini glikoli, kwa kifupi PEG. Protini yenyewe ina uzito wa daltoni 18,800 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa vitu vidogo mno), na mnyororo wake karibu 20,000, yaani mzigo umemzidi mbebaji. Tena PEG inapenda maji, inayakusanya pande zote, na umbo zima linavimba kupita uzito wake. Figo huchuja damu kama kung'uto linavyochuja tui: kidogo kinapita, machicha yanabaki juu. Dawa iliyovimba hivyo haipiti, inaendelea kuzunguka kwenye damu. Nusu yake huchukua kati ya saa 15 na 80 kuisha, na kinachoiondoa zaidi ni zile chembe nyeupe zenyewe zikishaongezeka. Kwa maneno mengine, damu ikishapona dawa inajimaliza. Kwangu mimi hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 6, mara moja kwa kila mzunguko wa kemo. Mtu wa Tandahimba ahesabu nauli za kwenda kuchomwa kila siku, kisha ndipo alinganishe bei.

Ujanja huu wa kuifunga dawa PEG si wa jana. Frank Davis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, waliuchapisha mwaka 1977. Dawa ya kwanza ya namna hii iliidhinishwa huko mwaka 1990, kwa watoto wanaozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga, na hii ya damu nyeupe ikafuata 2002. Interferoni, dawa ya homa ya ini, nayo ilipofungwa PEG ilitoka sindano tatu kwa wiki ikawa moja.

Sasa safari. Dawa inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8. Tunachokiona zaidi hapa dukani si dawa iliyopata joto, ni iliyoganda. Mtu ana huruma na pesa yake, anaitumbukiza sindano katikati ya mabonge ya barafu kwenye deli la samaki, ikifika huku ina fuwele ndani. Barafu ikae pembeni kwenye chupa zake, katikati weka taulo au kadibodi, na sindano ibaki ndani ya boksi lake, maana mwanga nao haiupendi. Barafu ikiyeyuka njiani usilie. Saa chache nje ya baridi kwa kawaida haziiharibu, bidhaa nyingine huvumilia hata siku mbili, lakini kila kampuni ina masharti yake kwenye karatasi ya ndani. Isirudishwe kwenye friza "kufidia". Iliyoganda au iliyokaa sana kwenye joto, usiitupe na usichomwe. Tuletee pamoja na ile karatasi.

Usiitikise pia. Protini ikitikiswa hujikunjua na kushikana vibonge. Nzuri ni maji maangavu yasiyo na rangi, hayana ukungu wala vipande. Itolewe kwenye friji nusu saa kabla ya kuchomwa.

Kuhusu saa: lazima zipite 24 tangu kemo imalizike. Ukiwahi, uloto unazalisha seli changa wakati sumu ya kemo bado imo, nazo zinauawa. Kwa hiyo anayekwambia "choma leo leo upumzike" hajui anachosema.

Mifupa kuuma, hasa kiuno na mapaja, ni kawaida. Ila pima joto kabla ya kumeza panadoli, kwa sababu panadoli inaficha homa, na homa ya nyuzi 38 baada ya kemo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto, au kwenye bega la kushoto, yanaweza kuwa bandama: nenda pia. Mwenye selimundu amwambie daktari mapema, dawa hii inaweza kumwamshia maumivu yake. Vilevile aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa ya kusafisha utumbo, kwani nyingi zina PEG hiyohiyo.

Sisi hatuchomi sindano dukani. Tunapokea dawa yako ukishuka basi, tunaitunza kwenye friji yenye kipimajoto na jenereta hadi saa yako ya kwenda kituo cha afya, na wa Msanga Mkuu tunawaazima deli la kuvukia. Njoo na cheti cha daktari, na tupigie kabla hujapanda basi Dar ili tukuelekeze kufunga. Deli lirudishwe, tafadhali, yapo machache.