Nisikilizie magari, mwanangu

Malindi, Kisumu Ndogo

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku sote wazima wa afya, ila mamako ana mafua ya kusi, na nyanyako bado anauliza kila asubuhi huko Ulaya mnakula nini. Bahari imechafuka, wavuvi wamevuta ngalawa juu na wanacheza bao mchana kutwa. Gereji haina kazi kubwa. Tuktuk tu, na tuktuk hazina adabu wala siri. Ukishafungua moja umefungua zote.

Wa baada ya salamu, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara nne. Unasema wiki ijayo hapo Brescia, Italia, yanatoka yale magari yangu ya zamani, ya mashindano ya Mille Miglia, lakini hudhani kama utakwenda kwa sababu ni mambo ya wazee matajiri wenye saa za bei. Halafu ukacheka. Mama, umekaa mji huo miezi tisa na hujui umekaa wapi! Ni sawa na mtu aishi Lamu asijue kuna Maulidi.

Hapo kwa matajiri sikupingi. Walioanzisha Mille Miglia mwaka 1927 walikuwa vijana wanne wenye nafasi zao, na walianza kwa hasira: mashindano makubwa ya Italia yalikuwa yametoka kwao yakapelekwa Monza. Wakasema basi, sisi tutakimbilia barabara za watu. Brescia hadi Roma na kurudi Brescia, kilomita kama 1,600, bila kulala. Gari lililoshinda mwaka huo ni OM, lililoundwa hapo hapo mjini kwenu, nalo lilitumia saa 21 na dakika kidogo. Wastani wake ni kilomita 77 kwa saa. Mabasi ya Mombasa yanakwenda kasi kuliko hiyo yakiwa yamebeba na mbuzi juu, lakini wale walipita milimani, usiku, barabara nyingi hazijaona lami.

Haya yote niliyapata kwa mzee wa Kiitaliano wa njia ya Casuarina. Unamkumbuka? Yule aliyekuwa akikupa peremende za limau zikakuwasha ulimi. Watu wa hapa wakisikia Mtaliano wa Malindi huwaza hoteli na pizza, lakini yule alikuja kwa kazi ya mitambo kule Ngomeni, kwenye kituo cha kurushia roketi cha San Marco, na akabaki. Alikuwa na Alfa Romeo Giulietta Spider. Si nyekundu kama watu wanavyodhani kila Alfa ni nyekundu. Ilikuwa buluu iliyofifia, kama kanzu iliyofuliwa mno. Injini yake ndogo, cc 1,290, bloku ya alumini, kemshafti mbili juu za kufungulia vali, na kwa kuwa ilikuwa Veloce, yaani ile ya kasi, ilivuta kwa kabureta mbili za Weber, zile za kuchanganya petroli na hewa, zilizolala ubavuni. Chumvi ya Malindi haina huruma na bati la Italia. Kila kusi ikiingia nilikuwa nakwangua kutu chini ya milango, na kila kaskazi ikirudi naikuta imerudi nayo.

Kabureta mbili ni kama wake wawili wa mume mmoja: ukimpa huyu zaidi, yule anazira na nyumba nzima inatetemeka. Lazima zivute hewa sawasawa. Siku hizi kuna vyombo vya kupimia, lakini mimi nilikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja mdomoni mwa kabureta, ncha nyingine sikioni, unausikiliza mluzi. Unahamia ya pili, unausikiliza. Unageuza skrubu robo. Unarudi.

Na sikio langu la kushoto, tangu nilipopigwa na boneti nikiwa mwanagenzi, halisikii vizuri sauti nyembamba. Ndipo nikawa nakuita wewe. Ulikuwa na miaka saba. Ulianza kwa kunishikia tochi, ukaishia kushika mpira. Ulisema, "Baba, hii inalia kama nyoka, na hii kama chai inataka kufurika." Nikageuza mpaka zote mbili zikawa nyoka. Yule mzee alisimama mlangoni na kikombe chake, akatazama, akasema kwa Kiswahili chake kile kwamba huyu mtoto alipwe. Ndiyo zile peremende.

Kwa hiyo usiniambie hujui lolote la magari haya. Wewe ndiye sikio langu.

Sasa nataka kukwambia jambo ambalo sijawahi kulisema sawasawa. Mwaka 2011, Novemba, madrasa yenu walikuwa na siku yao na wewe ulipangiwa kusoma kasida peke yako. Niliahidi kuja. Na siku hiyo hiyo nilisikia Safari Classic, ile Safari Rally ya magari ya zamani, inapita ndani huko upande wa Taita, nikapanda lori la rafiki yangu alfajiri bila kumwamsha mtu. Ulininyamazia wiki nzima. Mamako alinipikia, lakini sahani aliiweka mezani kama anaipiga muhuri.

Sijitetei. Nataka tu ujue nilikwenda kuona nini.

Nilipokuwa na miaka kumi, Pasaka ya 1974, mjomba alitufungulia redio tukaifuata Safari Rally tangu mwanzo hadi mwisho. Mvua ilikuwa kubwa, magari yakizama matopeni. Joginder Singh wa kwetu Kenya alikuwa na Mitsubishi Lancer, kigari cha kwenda sokoni, na nyuma yake alikuwapo Msweden mmoja, Björn Waldegård, katika Porsche 911. Singh alishinda, mtaa mzima tukapiga kelele. Lakini mimi, sijui kwa nini, nilimhurumia yule wa Porsche. Gari zuri vile, linashindwa na matope. Na ujue Porsche haikupata kuishinda ile Safari ya asili hata mara moja. Ilikuwa ya pili 1972, ya pili 1974, ya pili tena 1978. Waldegård mwenyewe aliishinda mara nne, 1977, 1984, 1986 na 1990, lakini kwa Ford na kwa Toyota.

Basi mwaka 2011 amerudi. Ana miaka 68, yuko ndani ya Porsche 911 ya zamani, kwenye mashindano ya magari ya zamani, barabara zetu zile zile. Nilisimama juu ya kichuguu kwa saa tatu na chupa moja ya maji. Kwanza unaona vumbi mbali. Halafu unasikia, na sauti ya injini ile si ya kunguruma, ni kama mtu anachana kitambaa kirefu kisichokwisha. Kisha limepita. Nilimwona labda sekunde tano. Nikala vumbi, nikafurahi kama mtoto.

Ni baadaye, kwenye gazeti, nilipoona kwamba ameshinda, na kwamba aliyekaa kiti cha pembeni akimsomea njia alikuwa mwanawe, Mathias. Nililikunja gazeti. Nilikuwa nimemwacha wa kwangu madrasani anatazama mlango. Waldegård alifariki 2014, nami siku ile nilitaka kukueleza haya, ukawa na mtihani, nikaona tuyaache.

Yameshasemwa. Tuendelee.

Usisubiri siku ya kuondoka tu. Nenda Piazza della Vittoria magari yanapofungwa lakiri ya madini ya risasi kabla ya safari. Ule ni uwanja wa mji, utasimama karibu nayo kama unavyosimama karibu na samaki gatini. Yanakuja kama 400 na zaidi, na haliruhusiwi gari la aina ambayo haikushiriki mashindano ya kale, yale ya 1927 hadi 1957. Wenye magari watakuwa wanapigwa picha. Waache. Tafuta mafundi: mtu mwenye kitambaa mfukoni na kucha nyeusi, anayeinama wakati wenzake wanacheka. Muulize kwa Kitaliano chako kabureta zake anazisikilizaje. Akikutazama mara mbili, mwambie babako ni fundi Malindi. Nina hakika atafungua boneti.

Niliwahi kwenda na yule mzee Nairobi, Ngong Racecourse, kwenye Concours d'Elegance, ambako magari hupewa alama kwa usafi na utunzaji. Tulisugua Giulietta ile kwa mswaki siku tatu. Majaji wakapita na makaratasi, wakachungulia hadi chini ya tumbo lake. Ni siku nzuri, watu wamevaa vizuri, sikatai. Lakini gari limekaa juu ya majani kama bi harusi kwenye kiti, limekatazwa hata kutoa jasho. Mimi napenda kuliona likifanya kazi lililozaliwa kuifanya. Mafuta yakidondoka, yadondoke.

Usitegemee kuona mwendo wa kuua. Mbio zenyewe zilikoma 1957, na zilivyokoma si vizuri: Mei 12, karibu na kijiji cha Guidizzolo, tairi la Ferrari ya dereva mmoja, Alfonso de Portago, lilipasuka katika barabara iliyonyooka, gari likaingia kwa watu. Alikufa yeye na mwenzake, na watazamaji tisa, watano kati yao watoto. Walikuwa wamesimama tu pembeni, kama utakavyosimama wewe. Kwa hiyo nisikilize: usikae upande wa nje wa kona, na usiiamini barabara iliyonyooka. Tafuta mahali pa juu, nyuma ya ukuta au mti mnene. Yale magari yana breki za babu zetu.

Mashindano yaliporudishwa mwaka 1977 yakawa ya kutimiza muda. Unapewa kipande cha njia na sekunde zake, magurudumu yanakanyaga mpira uliolazwa barabarani na saa inasoma hadi sehemu ya mia ya sekunde. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidharau. Haya ndiyo mashindano? Lakini hebu fikiria: kuwahi ni kosa sawasawa na kuchelewa, kama kufuturu kabla ya adhana. Na unafanya hivyo kwa gari la miaka 80 linalochemka kwenye foleni ya Roma, katikati ya pikipiki na mabasi, na taa za barabarani unazitii kama mtu yeyote. Anayehesabu ni yule wa kiti cha pembeni.

Wa kiti cha pembeni ndiye ninayemtazama siku zote. Kwenye Mille Miglia ya 1955 Stirling Moss, dereva wa Kiingereza, aliruka na Mercedes 300 SLR namba 722, kwa sababu aliondoka saa 1 na dakika 22 asubuhi, ambayo kwa saa za Wazungu ni 7:22, na akamaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Wastani wa karibu kilomita 158 kwa saa, barabara za watu! Kila mtu anamtaja Moss. Lakini pembeni alikaa mwandishi mmoja mfupi mwenye ndevu, Denis Jenkinson, na karatasi ya zaidi ya mita 5 iliyozungushwa ndani ya kisanduku, kila kona ameiandika. Kwa kelele za injini hawakuweza kusemezana, basi akawa anamwonyesha Moss kwa mikono: kona kali, kona pole, kanyaga tu usiogope. Njiani kichefuchefu kikamshika, akatapika ubavuni, upepo ukamchukulia miwani. Akavaa ya akiba akaendelea kusoma.

Siku ya kuondoka nenda Viale Venezia mapema. Kwa kawaida makongwe ndiyo hutangulia. Ukiiona Giulietta Spider ndogo iliyo wazi, mpungie aliyemo, hata kama hujui ni nani. Na usinitumie picha. Picha ninazo. Nirekodie sauti. Shika simu mbali na kifua chako, ipe upepo mgongo, na usiongee juu yake ukanieleza ninachosikia. Anza kabla gari halijafika na usikate mpaka liishe kabisa, hata ile kubadilisha gia mwishoni mwa barabara.

Yule mzee aliuza nyumba akarudi kwao, kama ujuavyo, na Giulietta ikaondoka kwa lori usiku. Mpira ninao. Umekauka, umepasuka ncha moja.

Pesa za mwezi nimetuma Jumatano, nyanyako naye ameongeza shilingi elfu moja za "nauli ya kwenda kwenye magari ya babako", anadhani ni mbali. Mamako anauliza lile koti ulilonunua lina kofia au halina.

Ni mimi,
Babako