Mgomo wa waandishi Hollywood: msiupime kwa kuangalia runinga

NDUGU Mhariri,

Leo, Aprili 2023, naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie habari mliyoitoa wiki iliyopita kuhusu mgomo unaonukia Hollywood. Mwandishi wenu alieleza vizuri kwamba mkataba kati ya chama cha waandishi wa filamu na runinga, Writers Guild of America, na muungano wa studio unaoitwa AMPTP unakwisha usiku wa Mei 1, na kwamba wasipoelewana waandishi wataweka kalamu chini. Akamalizia kwa kusema mtazamaji wa kawaida huenda asihisi chochote. Hapo nikashindwa kunyamaza.

Mimi ni mama ninayefanya kazi North Hollywood, kwenye nyumba ya kukodisha maleba, yaani nguo za waigizaji, kwa watengenezaji wa filamu na tamthilia. Napokea nguo zinaporudi, nazikagua, nazifua, nabana au kuachia mshono, napiga pasi na kuzirudisha mahali pake. Filamu siandiki. Lakini kila nguo inayopita mikononi mwangu imeanzia kwa mwandishi. Akiandika kwamba polisi ananyeshewa mvua, mimi naandaa sare tatu zinazofanana: ya kuvaa kavu, ya kuloweshwa, na ya akiba, maana tukio litarudiwa. Akiandika kwamba polisi huyo amepigwa risasi, sare zinakuwa sita. Asipoandika, reli zangu zinabaki zimejaa na mimi sina la kufanya.

Wiki hizi toroli zinazorudi ni nyingi, zinazotoka ni chache. Wenye miswada ya filamu na tamthilia iliyokamilika wanakimbizana na tarehe, wanachukua nguo usiku na kuzirudisha alfajiri. Wengine wanapiga simu kuomba tuwashikie nguo, ila ukiwauliza za tarehe ngapi hawana jibu. Kura ya Aprili 17 imewatia hofu: kati ya kura 9,218 zilizopigwa na wanachama, 9,020 ziliunga mkono mgomo, yaani asilimia 97.85. Watu waliokubaliana kiasi hicho hawatishii bure.

Sasa hilo la mtazamaji kutohisi. Ni kweli kwamba Mei 2 ukiwasha runinga yako utaona karibu kila kitu kiko pale pale. Kitakachozimika siku hiyohiyo ni vipindi vya mazungumzo na vichekesho vya usiku, kwa sababu utani wa leo usiku unaandikwa leo asubuhi. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2007: mgomo ulipoanza tu, vipindi hivyo vikaanza kurusha marudio. Tamthilia za mchana zina akiba ya miswada ya wiki kadhaa, kwa hiyo zitakwenda kwa muda.

Tatizo kubwa liko kwenye msimu wa vuli, na ndilo ambalo mwandishi wenu hakuligusa. Vituo vikubwa vya runinga vya Marekani hufungua vyumba vya waandishi, yaani timu zinazokaa pamoja kuandika tamthilia, Mei au Juni. Miswada michache ya kwanza ikishakuwa tayari, kazi ya kurekodi huanza Julai au Agosti, na mwishoni mwa Septemba watu wanaona sehemu ya kwanza. Sisi watu wa nguo tunaingia katikati hapo, Juni na Julai. Mgomo ukianza Mei, mnyororo huo unakatika kwenye pete ya kwanza. Wiki zinazopotea Mei hazionekani Mei. Zinaonekana Oktoba, pale kituo kinapojaza ratiba kwa mashindano, vipindi vya watu wasio waigizaji, na marudio. Mwaka 1988 waandishi waligoma kuanzia Machi hadi Agosti, na msimu wa vuli ule ulichelewa kufunguliwa.

Filamu za sinema zinakawia zaidi kuonyesha jeraha. Kitakachotoka kiangazi hiki kiliandikwa na kurekodiwa zamani. Lakini filamu iliyo katikati ya kurekodiwa ni kama nyumba iliyofika kwenye paa halafu fundi akaondoka. Mnaikumbuka Quantum of Solace, filamu ya James Bond ya 2008? Daniel Craig, nyota wake, mwenyewe alieleza baadaye kwamba waliingia kazini na muswada ambao haujakamilika, mgomo ukawazuia kuajiri mwandishi, ikabidi yeye na mwongozaji waandike matukio upya wakiwa kazini. Mgomo wenyewe ulikwisha Februari 2008, filamu ikatoka mwishoni mwa mwaka. Mtu aliyeona kasoro zake ukumbini hakuwa tena akifikiria mgomo.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wenzangu wasipime mgomo huu kwa kinachoonekana kwenye skrini mwezi wa kwanza. Kinachoonekana ni kazi ya mwaka jana. Netflix, walipotoa hesabu zao za robo mwaka Aprili hii, walisema wana akiba kubwa ya filamu na vipindi kutoka pembe zote za dunia, kwa hiyo wanaweza kustahimili kuliko wengine. Naamini. Nami nahofia watu wataangalia akiba hiyo wiki baada ya wiki na kuamua kwamba waandishi hawakuwa na umuhimu.

Nilikuwepo mgomo wa 2007. Ulidumu siku 100. Mfululizo wa 24, uliokuwa ukirekodiwa hapa hapa bonde la San Fernando, ulipaswa kuleta msimu mpya Januari 2008. Ukaja Januari 2009. Tamthilia ya Heroes ilikatishwa msimu wake kwenye sehemu ya 11. Januari ile sherehe ya tuzo za filamu na runinga za Golden Globes, usiku ambao mji mzima huwa unahangaikia nguo, iligeuzwa mkutano wa waandishi wa habari, kwa kuwa waigizaji walikataa kuvuka mstari wa wagomaji. Taasisi ya Milken, ya utafiti wa uchumi, ilikuja kukadiria hasara ya dola bilioni 2.1 kwa uchumi wa California. Mimi sikuihitaji hesabu hiyo. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi wakati huo tulipunguzwa kabla ya Krismasi, mimi na wenzangu wa chumba cha kufulia, na kurudi kwetu hakukuwa siku mgomo ulipokwisha. Waandishi walirudi Februari, lakini miswada ilipaswa kwanza kuandikwa, ikubaliwe, ipangiwe bajeti, ndipo mtu akumbuke kukodi suruali. Watu wa kodi ya nyumba hawasubiri mnyororo huo.

Pamoja na hayo nawaunga mkono waandishi, na nitasema kwa nini.

Miaka michache nyuma niliitwa kwenye seti moja, yaani mahali pa kurekodia, kurekebisha gauni. Tukio lilimtaka dada mmoja atoe simu mfukoni huku akikimbia. Gauni lilikuwa limekwisha kuidhinishwa, zuri, la hariri, halina mfuko. Zamani mwandishi wa sehemu ile angekuwa amekaa pale pembeni kwenye kiti. Angefuta neno mfuko, aandike mkoba, kazi iendelee. Siku hiyo hakuwepo. Chumba cha waandishi kilikuwa kimefungwa miezi kadhaa kabla ya kurekodi kuanza, na yule aliyeandika alikuwa ameshamaliza mkataba wake wa wiki chache, anatafuta kazi kwingine. Asubuhi nzima ikapita watu wakipigiana simu, watu wa taa wamesimama, wa sauti wamesimama. Mwishowe nikafumua mshono wa ubavuni nikashona mfuko.

Huo ndio mpango mpya ambao waandishi wanaupinga. Misimu ya sehemu 22 imekuwa ya sehemu nane au kumi, mwandishi anaajiriwa kwa wiki chache badala ya karibu mwaka mzima, na malipo ya marudio, yale anayopata kazi yake ikionyeshwa tena, kutoka kwenye majukwaa ya intaneti ni madogo kuliko yale ya runinga ya zamani. Chama chao kimeonyesha kwamba katika msimu wa 2013–14 asilimia 33 ya waandishi wa tamthilia walilipwa kima cha chini. Kufikia 2021–22 walikuwa asilimia 49. Wamo humo watu wenye uzoefu wa miaka mingi. Na safari hii wameongeza dai la kuwekewa mipaka matumizi ya akili bandia katika kuandika. Wapo wanaosema hilo ni la mapema mno. Mwaka 2007 nilisikia maneno kama hayo kuhusu intaneti, kwamba biashara yake bado haijulikani, wasubiri. Hawakusubiri, wakapata haki ya kazi ya intaneti kuhesabiwa kwenye mkataba. Leo filamu ziko wapi kama si kwenye intaneti?

Kuna jambo jingine ambalo magazeti mengi hayalisemi. Studio haziingii kwenye mgomo mikono mitupu. Disney ilitangaza Februari kwamba inaondoa wafanyakazi 7,000; kampuni nyingi zinatafuta pa kubana matumizi. Mgomo ukirefuka, mikataba ya kudumu waliyoingia na waandishi na watayarishaji ina kifungu kinachowaruhusu kuivunja kwa sababu ya tukio lisilozuilika. Januari 2008 walikitumia, makumi ya mikataba ikafutwa. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba studio zitapiga magoti ndani ya wiki mbili kwa kukosa vipindi, msimwamini. Wiki za kwanza huenda zikawapunguzia gharama. Kinachoweza kuwabana ni Juni 30, kwa sababu siku hiyo mikataba ya waongozaji na ya waigizaji nayo inakwisha. Waandishi na waigizaji waligoma kwa pamoja mwaka 1960, waigizaji wakiongozwa na Ronald Reagan, na matunda ya mgomo ule, mfuko wa pensheni na wa matibabu, wanayala hadi leo.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwamba msiitumie habari hii mara moja tu Mei 2, kwa picha ya watu wenye mabango mbele ya lango la studio za Burbank, kisha mkaiacha. Rudini Julai mtuulize mafundi wa taa, madereva, wapishi wa seti na sisi wa maleba tumelipaje kodi. Rudini tena Oktoba muitazame ratiba ya vituo, mwaka kesho muitazame orodha ya filamu, na muwaeleze wasomaji ni mwezi gani pengo hilo lilichimbwa.

Mfanyakazi wa maleba,
North Hollywood, California