Hilo si vumbi, ni chokaa

Mhariri,

Miaka kumi na tisa nalinunua gazeti lako na sijakuandikia hata mstari mmoja. Bei ilipopanda nilinyamaza. Ulipoondoa ukurasa wa mashairi nilinung'unika nyumbani, basi. Lakini ile habari yako ya jumba la kifalme la hapa Mji Mkongwe lililogeuzwa disko na ukumbi wa sherehe imenishinda kumeza. Mwandishi wako anashangilia kwamba jumba limehuishwa. Kwani lilikufa lini?

Nililiingia jumba hilo mwaka jana, kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Tulikula vizuri, tukapiga soga, mpaka saa tatu usiku vijana walipowasha spika mbili, kila moja urefu wake kama kabati la nguo, zimeegemezwa ukutani kabisa. Besi niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Mbele yangu palikuwa na glasi ya juisi ya ukwaju, na juu yake nikaona utando mweupe. Nikatia kidole, nikausugua: punje ndogo ndogo, zinakwaruza. Kutazama juu, chokaa inadondoka baina ya boriti na boriti, kila pigo na chembe zake. Nikamwita msimamizi, kijana mwenye adabu zake, simlaumu. Yeye akaitazama glasi, dari hakuitazama. "Samahani mzee, ni vumbi tu." Akaniletea glasi nyengine.

Hilo si vumbi! Marehemu baba yangu alikuwa fundi chokaa na nilimbebea ndoo tangu nipo skuli. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari zake ni boriti za mikoko zilizobebeshwa mawe na chokaa juu yake. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba ni urefu wa boriti, huwezi kuuzidisha. Kuta za namna hiyo huishi karne na zaidi zikiachwa zitulie, uzito ukae pale pale na maji yasiingie. Nyinyi mnapandisha ghorofani mamia ya watu waruke kwa pamoja, mnapigilia misumari kwenye fremu ya mlango wa nakshi ili mtundike taa za rangi, mnapitisha nyaya juu ya miti mikavu kama kuni, tena katika kisiwa ambacho kasri la Marhubi liliungua mwaka 1899 zikabaki nguzo. Beit el-Ajaib, ile nyumba ya masultani ya mwaka 1883, haikupigiwa disko. Ilikuwa ikifanyiwa matengenezo, na bado sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa. Mwaka 1896 Waingereza walilipiga mizinga jumba la mfalme wakalivunja kwa muda usiofika saa moja. Sisi tuna subira zaidi: kila Ijumaa na Jumamosi, kidogo kidogo.

Na hao mapapasi nao, wanaojipachika kuongoza watalii mitaani! Juzi nimemsikia mmoja nje ya jumba hilo hilo akiwaambia wageni kwamba kuta zimechanganywa na damu na mayai. Watu wazima wanaandika kwenye daftari.

Najua nitajibiwa kwamba jumba lisipoingiza pesa litaanguka lenyewe. Kweli, nyumba iliyofungwa huliwa na mchwa na mvua. Lakini zipo shughuli za kukaa kitako. Watu walioketi vitini wakisikiliza taarab sijawaona wakidondosha dari.

Baba akiutilia shaka ufa, alikuwa akibandika juu yake kipande cha kioo kwa plasta, huku na huku. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo hukatika. Basi bandikeni vipande vitatu kwenye ule ufa wa juu ya mlango wa ngazi, uliofichwa na pazia la mapambo, kisha aliyetia saini kibali asimame chini yake saa sita ya usiku, muziki ukiwa umekolea, ashike tochi. Kioo ninacho, kilibaki nilipobadilisha dirisha la jikoni. Nitakikata mwenyewe, bure.

Mtoto wa fundi,
Malindi, Unguja