Shukrani kwa uliyetupatia watoto wanne waliopotea

Kwako uliyekaa nasi kwenye chumba cha nyaraka kule Lancashire, Uingereza, ukaondoka bila kutuachia jina: asante sana, Mungu akuzidishie.

Mume wangu ni Mwingereza, na tulikuwa tunawatafuta watoto wa babu wa babu yake. Sensa za 1871 na 1881 zilituonyesha watano, tukajua ndio hao tu. Wewe ukatufungulia fomu ya sensa ya 1911, iliyowauliza wanawake wenye waume wamezaa wangapi na wangapi wamefariki. Mzee mwenyewe alijaza kwa mkono wake: tisa, hai watano, wamefariki wanne. Nililia, sifichi.

Ukatueleza kwa upole kwamba sensa hupita kila baada ya miaka 10, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na kufa katikati haonekani. Basi ukatufundisha kupekua faharasa ya vizazi, yaani orodha ya watoto waliosajiliwa kuzaliwa, iliyoanza 1837, kwa jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, kisha kulinganisha na ya vifo, wilaya ileile. Wakajitokeza mmoja mmoja. Kati ya wote tisa, wawili walikuwa wanaitwa Thomas. Wa kwanza alikufa mchanga, mdogo wake akarithi jina. Kumbe ndiyo maana umri wa Thomas tuliyemwona kwenye sensa ulikuwa haukubali kulingana!

Kazi hiyo hukutakiwa kuifanya, wala hukukubali hata chai yetu. Ukiyaona haya, tafadhali tuandikie. Cheti cha Thomas wa kwanza kimefika, tungependa ukione.