Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kambi ya Makasia, Wete

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Hesabu za fedha atazisoma Mhazini, na ukarabati wa banda umekwisha isipokuwa mlango. Mimi nitasema zaidi juu ya kambi ya likizo ya Juni. Ndiyo kazi kubwa tuliyoifanya mwaka huu, na ndipo tulipokosea jambo ambalo wazee wetu wasingelikosea.

Tarehe tulizipanga kwa kalenda ya skuli, mwezi hatukuutazama. Kambi ikaangukia bamvua, yaani siku za mwezi mpya au mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, na ratiba yetu inasema mazoezi saa nne asubuhi. Aliyekulia pwani hii anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne yamekupwa kabisa. Asubuhi ya kwanza watoto walishuka na makasia mabegani wakakuta tope mpaka kwenye mikoko na mashua zimelala ubavu. Niliona haya, nasema kweli. Mazoezi tukayahamishia baada ya swala ya alasiri, asubuhi wakajifunza mafundo, kufunga kishwara (kitanzi cha kamba kinachoshika kasia) na kalafati, yaani kuziba nyufa za mashua. Lakini maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku ya nne yalikuwa yanajaa jua likizama.

Mtoto hakuvuta kasia mpaka tumemwona anaogelea na kuelea chali bila ya kushikwa. Wazazi wawili watatu walilalamika kwamba tunachelewesha. Mimi sitalegeza sharti hili. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikiwa njiani kuja Pemba, na Julai 2012 ikafuata meli ya Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Humu ukumbini tumo wengi tunaowaombea dua watu wetu mpaka leo.

Makasia yenyewe yaliwasumbua zaidi wale waliozoea mtumbwi. Mwenye kafi, kasia fupi la mtumbwi, anatazama mbele aendako, mwenye kasia ameipa mgongo omo, yaani mbele ya mashua, basi kila mara wanageuza shingo na kasia linapiga hewa. Tuliwafundisha wamtazame mwenzao aliyekaa karibu na tezi, nyuma ya mashua, akiinama wainame, akivuta wavute, njia wamwachie anayeshika usukani. Kundi la wasichana ndilo lililolipata hilo mwanzo, siku ya tatu. Makasia yao yaliingia majini kwa sauti moja, na wazee waliokuwa wakishona nyavu pwani wakaacha kazi kutazama. Vijana wakubwa walisikia kwamba resi za Olimpiki ni mita 2000, wakataka kuupima mwendo huo upande wa Mtambwe. Waliumaliza, viganja vimejaa malengelenge, na kesho yake wakaomba tena.

Walilala madarasani, wasichana upande wao pamoja na kina mama wa chama. Chakula kilikuwa muhogo, samaki na uji, na zamu ya kufua ngama, yaani kuyatoa maji yaliyoingia mashuani, haikumruka mtu, hata mtoto wa Katibu. Kina mama wale wameamka usiku kwa wenye homa, wamepika na kuni mbichi, na hawakudai kitu. Naomba mkutano huu uwashukuru kwa kusimama.

Jaketi za kujiokolea zilifika siku mbili baada ya kambi kuanza, ingawa muuzaji tulikwisha kumlipa. Siku hizo hatukutoka nje ya maji ya kiunoni. Safari ijayo tutazipokea na kuzihesabu kwanza, ndipo tutangaze kambi.

Kwa mwakani napendekeza tuanze siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu, ambapo maji hujaa mnamo saa nne asubuhi na mkondo si mkali. Tarehe nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Mwenye hoja aseme leo, maana barua za skuli zinaondoka wiki ijayo. Nahitaji pia watu wawili wanaojua kalafati, kwa mashua ile ndogo inayovuja.

Wabillahi tawfiq.
Mwenyekiti